Kuhesabu si Kuimba

[MUZIKI WA KUFUNGULIA KIPINDI. UNASHUKA POLEPOLE.]

  

Leo sisemi nikiwa Nakivale. Niko hapa Masha, njiani kati ya Mbarara na Isingiro, nyumbani kwa mama mdogo. Amekodi chumba hapa, anafanya biashara ya ndizi. Kwa hiyo mkisikia vishindo nyuma yangu msiogope, ni mikungu inapakiwa kwenye gari kwenda sokoni Mbarara. Na mkisikia sauti ndogo inayohesabu, huyo ni mjukuu wake. Ana miaka mitano. Yeye ndiye aliyenipa maneno ya leo.

Jana jioni alikuja mbele yangu, akasimama wima kama mwanajeshi, akaniambia, "Mimi najua kuhesabu." Nikamwambia, haya, hesabu. Akaanza: moja, mbili, tatu, nne, mpaka ishirini, bila kuvuta pumzi. Bibi yake akapiga makofi, na mimi nikapiga makofi. Halafu nikamwambia, "Sasa mama, nenda pale kwenye ndizi mbivu, niletee nne." Akaenda mbio. Akarudi amekumbatia chane nzima.

Tulicheka wote. Lakini usiku nilipolala nilimkumbuka mdogo wangu, na kicheko kikaisha.

Mdogo wangu alianza P1 mwezi wa pili mwaka 2020. Mnajua kilichotokea. Mwezi wa tatu mwaka huo shule zote za Uganda zikafungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa zote mpaka mwezi wa kwanza 2022. Karibu miaka miwili. Mtoto alikuwa amekaa darasani mwezi mmoja na nusu tu. Nyumbani alisikiliza masomo ya redio, nasi tulifurahi, maana alijua kuhesabu mpaka hamsini kwa Kiingereza. Wageni wakija tunamwita: njoo uwahesabie. Anahesabu, watu wanashangaa. Siku moja mama akamtuma kuni tano kwa jirani ambaye tulikuwa tumemlipa kuni tano. Akarudi na kuni tatu. Mama akamuuliza, hizi ni ngapi? Akasema, "Hamsini."

Hakuwa anamdanganya mama. Hamsini lilikuwa neno la mwisho la wimbo wake. Miezi mingi tulikuwa tumemfundisha wimbo, tukaamini tumemfundisha hesabu. Na sisi watu wa redio, niseme ukweli, tulichangia, kwa sababu redio inaweza kuimba na mtoto lakini haiwezi kuona vidole vyake viko wapi.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze na wazazi, na dada na kaka wakubwa wanaobaki na wadogo nyumbani, na bibi na babu. Mtoto wa miaka minne, mitano, sita, saba: tunamsaidiaje kuhesabu kweli, na kutambua maneno yake ya kwanza? Nazungumza hata na wewe ambaye hukuingia shule siku moja. Zaidi sana na wewe.

[MUZIKI MFUPI]

Chukua maharage. Wakati mzuri ni ule wa kuchambua maharage kabla ya kuyapika, maana hapo umekaa, mtoto yuko karibu, na hakuna kitu cha kununua. Lakini kama kuna mtoto chini ya miaka mitatu hapo, mweke mbali au mshike, kwa sababu wadogo hao wanapenda kuingiza punje puani na masikioni. Hiyo nimeiona na macho yangu, tukakimbia naye kwenye kituo cha afya.

Weka punje saba kwenye mstari. Mwambie mtoto azihesabu kwa kugusa. Kidole kimoja, punje moja, neno moja. Utaona kitu. Watoto wengi mdomo unakwenda mbio na kidole kinabaki nyuma, au kidole kinaruka punje mbili kwa neno moja. Shika mkono wake taratibu, mwende pamoja. Kila punje iliyohesabiwa isukumwe kando, ili asiihesabu tena.

Akifika saba, muulize: "Ziko ngapi?" Hapa ndipo penyewe. Mtoto aliyeelewa atasema saba. Mtoto ambaye bado anaimba ataanza upya: moja, mbili, tatu. Muulize tena, ataanza tena. Hajajua kwamba neno la mwisho alilosema ndilo jibu la swali lako. Usimkasirikie, usimwite mjinga. Wewe hesabu mbele yake, ukifika mwisho zungusha mkono juu ya punje zote useme, "Saba. Zote hizi ni saba." Kesho tena. Keshokutwa tena.

Akishaweza hilo, zitawanye zile saba ziwe mbalimbali, umuulize bila kuzihesabu: sasa ziko ngapi? Wadogo wengi watakuambia zimeongezeka, kwa sababu zinachukua nafasi kubwa. Acha azihesabu mwenyewe, aone. Atashangaa. Mshangao huo ni mzuri, mwache nao.

La mwisho ni lile nililomfanyia mjukuu wa mama mdogo jana: "Nipe nne." Hilo ni gumu kuliko yote, kwa sababu linamtaka mtoto asimame. Wimbo hauna pa kusimama, ukianza unaendelea mpaka mwisho. Kuhesabu ni kujua pa kusimama, na kushika kichwani ile nne wakati mkono unachukua moja, mbili. Anza na mbili na tatu. Ukifika tano bila makosa kwa wiki nzima, nenda kumi. Usikimbilie mia. Mtoto anayejua kumi kweli ameshinda yule anayeimba mia.

Na baba zangu mnaocheza chini ya mti, msiseme haya ni ya akina mama. Ule mchezo wenu, wenyeji wa hapa wanauita omweso, wengine tunauita igisoro, una mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, na kucheza kwake ni kuangusha kete moja kwenye kila shimo. Kidole kimoja, kete moja, shimo moja. Mwite mtoto akae kwenye paja lako akuangushie kete. Utashindwa michezo miwili, mitatu, vumilia.

[MUZIKI MFUPI]

Mtu ataniuliza: shule iko, mwalimu yupo, kwa nini mimi?

Madarasa yetu ya P1 mnayajua. Mengine yanapita watoto mia moja kwa mwalimu mmoja. Mwalimu akisema hesabuni, watoto mia wanahesabu kwa sauti moja, paa linatetemeka. Katika sauti ile mtoto asiyejua anaweza kufungua mdomo na kufunga, na hakuna atakayejua, wala mwalimu, wala yeye mwenyewe. Simlaumu mwalimu. Vidole mia moja hawezi kuvishika. Wewe nyumbani una vidole vya watoto watatu, wanne.

Halafu kuna jambo la lugha. Mtaala wa Uganda ulioanza 2007 unasema watoto wa P1 mpaka P3 wafundishwe kwa lugha ya mahali pale, ndipo Kiingereza kishike P4. Ni wazo zuri. Lakini lugha ya mahali hapa Isingiro ni Runyankole, na mtoto wetu ameamka asubuhi akisema Kiswahili, au Kinyarwanda, au Kirundi, au Kisomali. Mahali watoto wamechanganyika, mwalimu anakwenda kwenye Kiingereza tangu mwanzo. Mwezi wa saba 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kifundishwe katika shule za msingi na sekondari, na sisi tulisherehekea hapa redioni. Lakini mwanao anaingia darasani kesho asubuhi. Hatakungoja wewe wala baraza la mawaziri.

Najua jambo hili kwa sababu lilinipata. Tulitoka Rutshuru mwisho wa mwaka 2008, tukapitia Bunagana, tukaletwa Nakivale. Nilikuwa na miaka minane. Kule nyumbani nilikuwa mwaka wa pili wa shule, najua kuhesabu kwa Kiswahili na kidogo kwa Kifaransa. Hapa nikawekwa P1 kwa sababu sikujua Kiingereza. Nilikaa kati ya watoto wa miaka sita, magoti yangu yakipita benchi. Mwalimu akiinua vijiti vitano akauliza, mimi najua ni vitano, lakini neno sina. Nikanyamaza. Ukinyamaza siku nyingi watu wanaamini hujui, halafu na wewe unaamini. Nilimwambia mama siendi tena.

Mama hakubishana nami. Mama hakusoma hata darasa moja. Wakati ule alikuwa analima kwa watu, kibarua cha kutwa, na mwenye shamba mmoja alikuwa halipi kila siku, analipa siku nyingi kwa pamoja. Siku ya malipo mama akasema amelima siku tisa. Yule bwana akasema saba. Akafungua daftari lake, akamwonyesha mstari, akamwambia, soma mwenyewe. Mama angesoma nini? Alipokea za siku saba akarudi nyumbani na uso wa kunyamaza. Sitasema jina la mtu yule, na siku hizi hayuko tena huku.

Jioni ile mama alichukua mkaa jikoni akanipa, akasema, "Kuanzia kesho, kila siku nikirudi, piga mstari mmoja hapa mlangoni." Nikapiga. Mistari minne wima, wa tano unakata katikati, kama nilivyofundishwa kule nyumbani. Nikaandika na tarehe kwenye kipande cha katoni, na mama akakichukua kila jioni kumwonyesha yule bwana kabla ya kuondoka shambani: hii ni ya leo, umeona? Siku ya malipo tulikwenda wote wawili. Nikahesabu mbele yake kwa Kiswahili: tano, kumi, kumi na moja. Akafungua daftari. Na lenyewe lilikuwa na kumi na moja.

Kesho yake nilirudi shuleni bila kuambiwa. Kiingereza hakikuwa kimeingia usiku. Ila nilikuwa nimeona kwamba hesabu yangu ya Kiswahili ni hesabu, na hata mtu mwenye daftari anaikubali.

Kwa hiyo, mzazi, usiogope kumhesabisha mtoto kwa lugha yako. Wengine wanasema ukimfundisha Kiswahili nyumbani utamchanganya, atashindwa Kiingereza. Sivyo. Mtoto anayejua kwamba hizi ni tano, siku moja mwalimu akisema "five" anapata jina jipya la kitu anachokijua tayari. Asiyejua tano, unampa jina bila kitu.

Tena lugha zetu zina akili katika hesabu, sikilizeni. Tunasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kumi iko pale, unaisikia. Kinyarwanda na Kirundi wanasema cumi na kitu. Runyankole ni ikumi na kitu. Wasomali wanasema kow iyo toban, moja na kumi. Sasa Kiingereza kinasema "eleven", "twelve". Kumi iko wapi humo? Imejificha. Kifaraga cha P1 kitaionaje? Halafu kuna "thirteen" na "thirty", zinafanana masikioni kama mapacha, na watoto wetu wanaandika 30 mahali pa 13 wanapigwa kosa.

Dawa yake ni vijiti. Kata vijiti vya mabua ya mtama au mahindi, funga kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Hii ni kumi. Weka kumi na vijiti vitatu kando: kumi na tatu. Weka mafungu matatu: thelathini. Ayashike mkononi. Siku akisikia yale majina mawili ya Kiingereza, mkono wake utakumbuka kwamba moja ni fungu na vijiti, na nyingine ni mafungu matupu.

Na niwaambie jambo moja ninyi vijana mliokaa Kampala au Nairobi mkajifunza Kiswahili cha kitabu. Mtoto kutoka Kongo akisema "makumi mbili", msimcheke. Makumi mbili ni kumi mbili, kila mtu anaona. Ishirini yenyewe ndiyo imeficha. Mwambie tu: makumi mbili, wengine wanaita ishirini, Waingereza wanaita "twenty", ni mafungu yale yale mawili. Mtoto aliyechekwa kwa namba atanyamaza kwa namba, na mimi najua kunyamaza kunakwenda wapi.

[MUZIKI MFUPI]

Tuje kwenye maneno.

Mdogo wangu huyu wa kuni hamsini, kabla hajaweza kuandika jina lake, aliweza kuandika UNHCR. Aliandika kwa kijiti kwenye vumbi, herufi tano, vizuri kabisa. Tulipomuuliza umeandika nini, akasema, "Nyumba." Si ajabu. Tangu azaliwe analala chini ya shitingi imeandikwa vile, kila asubuhi akifungua macho ndicho anachoona. Kwake ile ni picha ya nyumba.

Watoto wote wanaanza hivyo. Anaona kibanda cha njano anasema MTN, anaona chekundu anasema Airtel, na mama anafurahi kwamba mtoto anasoma. Anasoma rangi. Ukitaka kujua, andika herufi zile zile kwa mkaa kwenye katoni, bila rangi, umwonyeshe. Akikutazama tu, basi bado. Si vibaya, kila msomaji alipita hapo. Lakini sasa ni kazi yako kumtoa kwenye rangi na kumpeleka kwenye herufi.

Anza na jina lake. Hakuna neno ambalo mtoto analipenda kama jina lake. Kama anaitwa Neema, andika Neema kwenye kipande cha katoni ya sabuni. Herufi ya kwanza kubwa, zinazofuata ndogo. Hapa wengi tunakosea: tunaandika yote kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo tulivyozoea kwenye fomu. Kitabu cha shule kimeandikwa kwa herufi ndogo, na mtoto anayejua kubwa peke yake akifungua kitabu anakuta wageni.

Bandika jina pale anapolala. Halafu maneno ya vitu anavyovigusa kila siku: maji kwenye bido, au jerikani kama unavyoiita, chumvi kwenye kopo la chumvi, mlango kwenye mlango. Matatu yanatosha kwa wiki. Jumamosi yang'oe, uyachanganye, umwambie arudishe kila neno mahali pake. Akiweka chumvi kwenye mlango, cheka naye, jaribuni tena. Usiku ukiyaficha nyuma ya mgongo na kuyatoa moja moja, anaona ni mchezo.

Kiswahili kina rehema kwa mwanafunzi. Unavyosikia ndivyo unavyoandika. Kwa hiyo ukishapata maneno machache, yakate kwa mkasi kwenye vipande vya sauti: ma na ma, ba na ba, ma na ji. Halafu mpe li na ma. Anasoma lima. Geuza vipande: ma, li. Mali! Mpe ka na ta, kata. Geuza: taka. Siku mtoto anapogeuza vipande mwenyewe na kupata neno ambalo hukumwonyesha, utaona uso wake. Siku hiyo amesoma kweli, hakukumbuka picha.

Kiingereza hakina rehema hiyo. Neno la maji kwa Kiingereza halisomwi kama lilivyoandikwa, na mengi ni hivyo. Inabidi jicho lilikariri. Basi geuza katoni ya maji, nyuma yake mtoto aandike neno alilopewa na mwalimu. Akirudi kutoka shule usimuulize "umejifunza nini", maana atasema hakuna kitu. Mwambie, "Nifundishe neno moja." Kama wewe hujui Kiingereza, ni vizuri zaidi, kwa sababu hapo yeye ni mwalimu wa kweli. Mama yangu alijifunza "water" kwangu, na mimi nilijifunza kwa kumfundisha. Jirani Mnyarwanda atakuambia kwake ni amazi, Mrundi pia amazi, Mnyankole ni amaizi, Msomali ni biyo. Watoto wanapenda sana mambo haya. Wakati mwingine foleni ya maji inapita bila ugomvi kwa sababu ya hilo peke yake.

Pesa pia ni kitabu. Shika noti ya elfu moja ya hapa Uganda umwonyeshe: kuna maneno shilingi elfu moja, kwa Kiswahili kabisa. Mwonyeshe na 1 na masufuri yake matatu. Watoto wengi wanatumwa dukani wakijua noti kwa rangi, ya bluu ni elfu mbili, ya kijani ni elfu tano. Jioni, dukani kuna giza, rangi zote ni moja. Afadhali ajue namba.

[MUZIKI MFUPI]

Barua na maswali yenu ya wiki iliyopita, najibu haraka.

Baba mmoja wa Juru anasema mtoto wake wa miaka sita anaandika 3 ikiwa imegeuka, na herufi zikitazama nyuma, je, amerogwa? Hapana, baba. Watoto wengi wa umri huo wanafanya hivyo na inaisha yenyewe. Mwonyeshe iliyo sawa, asiandike mara mia kwa adhabu. Kama anapita miaka minane na bado, zungumza na mwalimu.

Mama mwingine anasema wa kwake ukimwonyesha neno anasogeza uso mpaka pua inagusa katoni. Mama, huyo mpeleke kituo cha afya waangalie macho. Na yule anayekuitikia tu akikuona, lakini ukimwita ukiwa nyuma yake haitiki, waangalie masikio. Tusije tukampiga mtoto kwa kosa la sikio lake.

Dada wa miaka kumi na tatu, anayekaa na wadogo zake watatu peke yao, anauliza atapata wapi muda. Dada yangu, dakika kumi. Wakati sufuria iko motoni. Siku ambazo hakuna nguvu, acha, utaendelea kesho. Na kama wewe mwenyewe umeacha shule kwa sababu ya wadogo, usikae kimya, nenda kwa viongozi wa kijiji chako au kwa watu wa ulinzi wa watoto pale Base Camp, waambie kama ulivyotuandikia sisi.

Kazi ya wiki hii ni punje saba. Jioni ya leo, zipange, mtoto aguse, umuulize ziko ngapi. Wiki ijayo mtuambie alijibu nini, hata kama alijibu hamsini.

Mimi nawaacha, gari la ndizi liko karibu kuondoka na kelele itazidi. Lakini niwaambie la asubuhi hii. Nilimwita tena mjukuu wa mama mdogo, nikamwambia, niletee ndizi nne. Akaenda. Nilimtazama kwa mbali: midomo inacheza, kidole kinagusa, akachukua, akarudisha moja, akachukua tena. Akaja nazo, akaniwekea mkononi. Tatu.

Nikamwambia, mama, nilisema ngapi?

"Nne."

Na hizi ni ngapi?

"Tatu. Ya nne nimekula."

[SAUTI: KICHEKO CHA MTOTO, GARI LINAWASHWA. MUZIKI WA KUFUNGA KIPINDI.]